Tangazo Moja, Jambo Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa ofisi ya maji ameniomba niandike kila neno nitakalolibadilisha katika programu yao ya simu, pamoja na sababu ya kulibadilisha. Nimefundisha lugha miaka thelathini na minne, nimesahihisha mitihani miaka kumi na sita, na hakuna aliyewahi kuniuliza sababu. Hata hivyo nimenunua daftari.

Kazi yenyewe ni hii. Mto unaokatiza mji huingia mitaa ya chini karibu kila masika. Mwaka huu ofisi imewapa simu wajumbe kumi wa mitaa hiyo. Msoma kipimo aliyeko darajani atatuma kimo cha maji, ofisi itatoa tangazo, tangazo litatokea kwenye simu ya mjumbe, naye atapita mlango kwa mlango. Mimi natakiwa kuyanyoosha matangazo hayo kabla mvua hazijaanza.

Mjumbe wa mtaa wa mwisho, ule unaopakana na mto, ni dada yangu. Ana miaka sabini na mitatu, nyumba thelathini na nane za kuangalia, na mume ambaye tangu mguu wake wa kulia upooze hatembei bila kushikwa. Sitaki kazi hii iharibike.

Jumanne, 4 Machi

Nimeonyeshwa chumba cha kazi. Ghorofa ya pili, dirisha moja lisilofunguka, feni inayogonga kila inapomaliza mzunguko. Waliomo ni wawili. Fundi wa programu ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, anavaa raba ofisini na humwambia mkuu wake "poa". Mwenzake ndiye anayechora kurasa za programu. Ana ndevu zenye mvi na wote humwita Rangi, kwa kuwa wiki nzima iliyopita aligombana na kila mtu juu ya wekundu wa kitufe kimoja.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Marahaba. Mtu husalimiwa usoni."

Aliinua uso. "Shikamoo tena."

Rangi alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma matangazo yote ishirini na mawili. Yameandikwa kama na mtu anayepiga kelele huku akikimbia. Moja lina mambo matano na halina hata koma moja. Nimetumia wino mwekundu wote uliokuwamo kalamuni.

Alhamisi, 6 Machi

Feni. Wino mpya.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa dada baada ya chakula cha mchana. Aliiweka simu ya ofisi mbele yangu juu ya meza kama mtu anayerudisha nyama iliyooza dukani.

"Mdogo wangu, hiki kidude chenu kina ugonjwa wa kusahau."

Alikuwa ameanza kuandika majina ya wenye nyumba, yote thelathini na manane. Alipofika la ishirini na moja, akailaza simu ubavu ili herufi zipanuke. Majina yote yakafutika. Akaanza upya, yakafutika tena.

"Mara ya tatu alitaka kukitupa chooni, shemeji," mumewe alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nikamwambia kitaziba."

"Wewe nyamaza. Mimi mto wangu naujua," dada alisema. "Nakwenda ukingoni, natazama lile jiwe la kufulia. Likimezwa na maji, napita nyumba kwa nyumba. Miaka kumi na tisa. Jiwe halijawahi kufuta jina la mtu."

 Nilimwambia nitauliza.

Jumatatu, 10 Machi

Nilitarajia visingizio. Fundi alichukua simu ya majaribio, akaandika majina matatu, akailaza. Majina yakapotea. Akasema, "Kosa langu."

Nilimwomba anieleze, kwa kuwa sisahihishi nisichokielewa.

"Mzee, ukiigeuza simu unadhani ukurasa umegeuka. Haujageuka. Umekufa. Simu inauvunja wote na kujenga mwingine unaofuata upana mpya. Mimi niliyaweka majina ndani ya ukurasa, kwa hiyo yakazikwa nao."

"Kwa nini uliyaweka humo?"

"Haraka. Na uvivu, ukitaka ukweli."

"Ninautaka."

Alichora visanduku vitatu nyuma ya karatasi iliyotumika. Cha kwanza ni ukurasa. Ukurasa haufikiri. Kazi yake ni kuonyesha na kupokea kidole cha mwenye simu. Cha pili ni yule anayemwita mtunzaji. Huyu hukaa nyuma ya ukurasa, wala hafi ukurasa unapokufa. Ndiye anayeshika kile kinachopaswa kuonekana. Cha tatu ni ghala, ambamo mambo yote yanayofika kwenye simu kutoka ofisini hulala.

"Ukurasa hauendi kumuuliza mtunzaji kila dakika kama mtoto anayeuliza tunafika lini," alisema. "Unajiandikisha kwake kama mtazamaji. Jambo likibadilika, unaambiwa. Ukiwa umelala, labda simu imo mfukoni, kioo kimezimika, mtunzaji hausumbui. Ukifa, jina lake linafutwa daftarini, ili mtu asije akaita maiti."

"Na mtunzaji anaujua ukurasa?"

"Hatakiwi. Ukurasa unamjua mtunzaji, mtunzaji haujui ukurasa. Akiung'ang'ania, hauwezi kuzikwa, na simu inajaa maiti mpaka inakwama."

"Ukurasa uliolala ukiamka, unapewa nini?"

"La mwisho. Mtunzaji anashika thamani moja tu, ile mpya kabisa. Kimo cha maji cha saa nne kina faida gani kwa anayeamka saa sita?"

Nilipenda adabu hiyo. Nimekaa na walimu wenzangu miaka mingi ambao ukiingia ofisini kuuliza jambo la leo wanaanzia mwaka juzi. Nilirudi nyumbani nikikiri kwamba mwanamke huyu mwenye raba anajua mpangilio. Hajui kusalimu, lakini mpangilio anaujua.

Jumatano, 12 Machi

Dada amepiga simu. "Nimeigeuza mpaka mkono umeniuma. Majina yapo." Hakusema asante, lakini alicheka.

Ijumaa, 14 Machi

Rangi na mkuu wamegombana tena juu ya wekundu. Nimesahihisha matangazo sita.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa dada kwa kusudi moja. Njia ya kushuka ukingoni ni ya udongo, na mvua ikinyesha huwa kama imepakwa sabuni. Mwaka jana aliteleza huko akakaa na goti lililovimba miezi miwili. Nilimwambia aache kwenda kutazama jiwe. Msoma kipimo yuko darajani usiku na mchana, ana namba, namba hazitelezi.

"Wewe unakiamini kidude hiki?" aliniuliza.

"Nimekiona mpaka ndani. Kina mpangilio kuliko shule niliyofundisha."

"Shule uliyofundisha ilikuwa na mbuzi ofisini," shemeji alisema.

"Alikuwa mmoja tu, na wa mwalimu mkuu."

Dada hakucheka. "Mdogo wangu, hapa kuna nyumba thelathini na nane, na huyu mume wangu asiyeweza kukimbia. Nikiacha kwenda kutazama jiwe, nitakuwa nimewaweka wote mkononi mwa mtu mwingine. Nani ananiahidi? Simu, au wewe?"

"Mimi."

 Akasema sawa.

Jumanne, 25 Machi

Kikao juu ya onyo kubwa, lile la kuhamisha watu. Waliloliandika wao lilisema watu wahame, kisha likaeleza waende wapi, wapitie wapi na wachukue nini, yote kwa pumzi moja. Nilisimama. Nilisema kanuni niliyowafundisha wanafunzi wangu wote na ambayo haijawahi kunitupa: tangazo moja, jambo moja. Mtu mwenye hofu hasomi sentensi ya nne. Onyo ligawanywe. La kwanza liseme: "Hameni sasa. Maji yanaingia mtaani." La pili lifuate: "Ukumbi wa shule ya juu uko wazi. Mapokezi yameanza."

Mkuu aliyasoma kwa sauti mara mbili. "Mwalimu, hapa umetutendea haki. Hata mimi ningehama."

Fundi aliinua kalamu. "Yatatumwa yakifuatana? Katikati kuna dakika ngapi?"

"Moja inatosha. Hata nusu."

"Nauliza kwa sababu upande wa mtunzaji—"

"Binti, nyaya ni zako, maneno ni yangu."

Mkuu alicheka. Rangi alitazama meza. Fundi aliteremsha kalamu, na kikao kikaenda kwenye jambo jingine.

Ijumaa, 28 Machi

Mawingu. Hakuna kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Leo yamefanyika majaribio. Wajumbe kumi walikaa kuizunguka meza ya mikutano, kila mmoja simu yake mkononi, kioo kikiwaka, wote wakikodoa macho kama wanaosubiri matokeo. Fundi alibonyeza. Likaja la kwanza. Wakalisoma kwa pamoja. Likaja la pili. Wakalisoma pia. Dada alisoma kwa sauti ya darasani na akapumzika penye nukta, jambo ambalo mjumbe mwingine hata mmoja hakulifanya.

Walipiga makofi. Mkuu alipiga picha. Mjumbe wa mtaa wa soko, mzee mfupi mwenye maneno mengi, alisema, "Sasa hata mto ukitaka kuja itabidi uombe ruhusa."

Nilitembea kurudi nyumbani badala ya kupanda gari. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliridhika na kazi yangu namna ile.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imeanza saa kumi na moja alfajiri. Kimo: mita moja na nukta moja.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Moja na nukta nne.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Moja na nukta tisa. Dari la chumba cha kazi linavuja juu ya meza ya Rangi. Ameweka ndoo, na feni inagonga, na ndoo inadondokewa, na mtu hawezi kufikiri.

Jumatano, 9 Aprili

Mbili na nukta mbili. Fundi amefika ameloa mpaka mabegani. Aliniomba nimsahihishie sentensi ambayo simu itaonyesha mtandao unapokatika. Aliandika: "Hatuna habari mpya. Usidhani ni salama." Niliitazama dakika nzima na sikupata cha kubadilisha. Nilimwambia hivyo. Aliona haya kama mwanafunzi.

Mwanzoni niliandika humu kwamba hajui kusalimu. Ningependa kuongeza kwamba yeye ndiye anayefika wa kwanza, na kwamba kila simu inayorudishwa na mjumbe huifungua mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa, akaijaribu kabla ya kumkabidhi mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Mbili na nukta sita.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeshinda kwa dada. Mvua ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. Tangu mvua zianze, siku tisa, hajakwenda ukingoni. Simu anaitia katika mfuko wa aproni.

"Nimezoea," alisema. "Inalia ndi, naitoa, natazama, narudisha."

"Mke wangu ameolewa tena, shemeji," mumewe alisema. "Huyo wa mfukoni akilia anakimbiliwa. Mimi nikilia naambiwa subiri, nakaanga."

"Wewe unalilia chumvi. Yeye analilia mafuriko."

Tulicheka wote watatu. Nilipoondoka shemeji alinishika mkono akasema niwaambie ofisini kwamba simu ile ni nzuri, kwamba mkewe sasa analala. Ukutani nje ya mlango wao unyevu ulikuwa umepanda hadi kiunoni.

Jumanne, 15 Aprili

Mbili na nukta tisa. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Saa nane kasoro dakika kumi mchana msoma kipimo alituma mita tatu na nukta nne. Saa nane na robo akatuma nne na nukta moja, kisha akapiga simu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: kitu kimezuia maji huko juu na sasa kimeachia. Mkuu alikuwa mlangoni. Alisema, "Toa." Fundi alibonyeza onyo la kwanza saa nane na dakika ishirini, la pili saa nane na dakika ishirini na moja. Kwenye kompyuta yake kuna safu ya alama kumi, moja kwa kila simu, zinazogeuka kijani simu inapopokea. Ziligeuka zote kumi. Rangi alisema, "Kumi kwa kumi." Mkuu aliketi. Mimi pia niliketi. Namkumbuka fundi akiifuta jasho viganjani kwa suruali yake, akitabasamu.

Tulisubiri watu wafike ukumbini.

Saa tisa na dakika kumi nilimpigia dada.

"Umefika?"

"Nimefika zamani, niko ukumbini. Nimetandika mikeka na mlinzi. Mbona mmechelewa kuleta watu?"

"Watu gani? Watu wako wako wapi?"

"Watu wangu gani, mdogo wangu?"

Nilimwuliza tangazo lilisema nini. Alinisomea, na akapumzika penye nukta: "Ukumbi wa shule ya juu uko wazi. Mapokezi yameanza." Alidhani mitaa mingine imeingiliwa na maji. Alidhani anaitwa, kama mjumbe, kupokea wageni. Alimwambia mumewe, "Nakwenda kusaidia, nitarudi kabla ya jioni," akamwekea maji ya kunywa karibu na kiti, akapanda kilima.

"Na lile la kwanza?" nilisema.

"La kwanza lipi?"

 Alielewa kabla sijamjibu, kwa sababu simu ilianguka, nikasikia mlinzi akimwita na miguu yake ikikimbia juu ya sakafu ya mbao. Mwanamke wa miaka sabini na mitatu.

Alizuiwa darajani. Waliokwenda kwa kamba waliutoa mtaa wake karibu wote juu ya mapaa. Wanne hawakutolewa hai. Walikuwa mama mmoja na binti yake, mzee mmoja wa nyumba ya pembeni, na shemeji.

Ijumaa, 18 Aprili

Mazishi. Dada alinipa mkono kama alivyowapa wengine.

Jumamosi, 19 Aprili

Ofisi imefungwa lakini fundi alikuwamo. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, simu mbili zikiwa mezani. Rangi alikuwa kwenye kompyuta.

"Keti uone, mzee. Nilitaka uone mwenyewe."

Aliishika simu ya kwanza mkononi, kioo kikiwaka. Ya pili aliizima kioo, akaitia mfukoni. Alimwambia Rangi atume. Rangi akatuma la kwanza, akahesabu hadi sitini, akatuma la pili. Kwenye simu iliyokuwa mkononi yalitokea yote mawili, moja baada ya jingine. Kisha akaitoa ile ya mfukoni, akaiamsha, akanigeuzia.

Ukumbi wa shule ya juu uko wazi.

"Ukurasa ulikuwa umelala," alisema. "Mtunzaji akapokea la kwanza, akasubiri ukurasa uamke. Kabla haujaamka, likaja la pili. Yeye anashika moja tu. La kwanza likafunikwa. Alama ya kijani inasema simu imepokea. Haisemi mtu ameona."

"Ulinieleza mwezi wa tatu."

"Nilikueleza juu ya kimo cha maji. Kimo ni hali. Kipya kinakifuta cha zamani, na ni sawa. Onyo si hali, mzee. Onyo ni barua. Huwezi kuchana barua kwa sababu imekuja nyingine." Alikaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea kabati. "Barua nimezipanga kama kimo. Najua tofauti. Nimeijua miaka minane."

Wajumbe wanne walikuwa wameshika simu zao, wakaona yote mawili. Sita walikuwa nazo mifukoni. Watano kati ya hao mitaa yao iko karibu na daraja, na msoma kipimo aliwapigia kelele kwa mdomo. Wa sita alikuwa dada yangu.

"Lingekuwa tangazo moja," nilisema, "lisingepotea."

 Ndoo ya Rangi ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yakimwagikia sakafuni.

"Uliuliza kikaoni," nilimwambia.

"Nikakatwa kauli. Na mzee, nikuambie kweli, nilishukuru kukatwa. Nilikuwa na kazi nyingine saba siku ile."

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Sijakwenda popote.

Jumanne, 22 Aprili

Mkuu ameniletea ripoti niisahihishe lugha. Kurasa kumi na moja. Kuhusu onyo inasema sentensi moja: "Kulitokea hitilafu ya kiufundi katika baadhi ya vifaa."

Niliifuta. Niliandika kwamba onyo liligawanywa sehemu mbili kwa shauri langu mimi, mhariri wa lugha, na kwamba fundi alipotaka kueleza hatari yake nilimzuia kusema.

Aliisoma akiwa amesimama. "Mwalimu, hili siwezi kulipeleka."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Najua ni kweli. Lakini ukijitaja wewe, itanibidi nijitaje mimi niliyeidhinisha. Nikijitaja mimi, wataifunga programu nzima, na mwakani hakutakuwa na kitu chochote. Ni afadhali nini?"

"Mtu ajue nani alifanya nini."

"Mtu gani? Waliokufa?" Alisema hivyo, kisha akaona aibu, akanishika bega. "Nenda ukapumzike, mwalimu. Hakuna anayekulaumu. Hakuna hata mmoja."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo nisiloliweza. Nimetoa alama za chini kwa watoto wa wenzangu, kwa watoto waliolia mbele yangu, kwa koma. Kwa hili hakuna wa kunipa hata sifuri.

Ripoti imekwenda kama ilivyokuwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Fundi amemaliza kurekebisha. Matangazo sasa hukaa kwenye foleni, na hakuna linaloondoka mpaka mwenye simu aliguse na kukiri kwamba amelisoma. Yaliyopita yote hubaki katika orodha, kila moja na saa yake.

"Asubuhi moja," aliniambia. "Nimeanza saa mbili, saa sita nimemaliza. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu."

Ameandika barua ya kuacha kazi. Aliniomba niisome. Haikuwa na kosa hata moja.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Mbili na nukta nne, inashuka.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imekatika.

Jumamosi, 10 Mei

Mkuu aliniomba nizikusanye simu za wajumbe watakaoacha. Dada ameacha. Anakaa kwa binti yake, ghorofa ya tatu, chumba chenye kitanda kimoja na masanduku. Mpwa wangu alinifungulia, akasema mama yake yuko macho.

Alikuwa akikunja mashati ya shemeji yaliyookolewa. Yalifuliwa mara kadhaa na bado yana mstari wa matope kifuani. Hakunikatalia kuingia, wala hakunikaribisha kuketi. Aliitoa simu chini ya mto wa kulalia, ikiwa inawaka.

"Imejibadilisha yenyewe wiki hii," alisema. "Sasa kuna orodha."

"Fundi aliirekebisha."

Alivaa miwani. Alipitisha kidole mpaka tarehe kumi na sita. Alisoma la kwanza kwa sauti, kisha saa yake. Alisoma la pili na saa yake. Kati yao dakika moja.

"Kwa hiyo hili la kwanza lilifika."

"Lilifika."

"Ndani ya simu hii hii."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwa nalo mfukoni. Wakati namwekea maji. Wakati napanda kilima nilikuwa nalo." Aligusa mahali ambapo mfuko wa aproni ungekuwa. "Nilipotandika mikeka nilikuwa nalo."

Nilisema ndiyo.

"Nani aliyeamua yawe mawili?"

Ripoti ipo. Inasema hitilafu. Ningeweza kusema hitilafu, na hakuna mtu duniani ambaye angenisahihisha.

"Mimi."

Alivua miwani, akaikunja. "Nilijua," alisema. "Nilipolisoma nilijua. Hakuna mwingine katika ofisi ile anayeandika vizuri namna hii."

Hakusema kwa ukali. Aliniwekea simu mkononi, akarudi kwenye mashati, akachukua jingine, akalinyoosha kola. Nilibaki nimesimama mpaka mpwa wangu alipochungulia mlangoni akaniuliza, "Mjomba, unaondoka, au nikuwekee kiti?" Nilimtazama dada ili ajibu yeye. Aliendelea kukunja.